Barua ya wazi kwa watafiti wa maoni na wahariri wa habari: kama hamjui nani anaongoza mchujo, semeni hamjui

Kwa wakurugenzi wa taasisi za utafiti wa maoni,
Kwa wahariri wakuu wa magazeti, redio na televisheni,
Nakala kwa kamati za uchaguzi za vyama vya siasa.

Waheshimiwa,

YAH: KUTANGAZA "ANAYEONGOZA" KATIKA MCHUJO ULIOKABANA

Nawasalimu kwa heshima.

Barua hii naitoa hadharani kwa sababu njia ya faragha imegonga mwamba. Mchujo wa chama chetu ulipokaribia, wagombea wawili wakiwa wamekabana koo, ulitangazwa utafiti uliosema mmoja wao anaongoza kwa pointi tatu. Niliiandikia taasisi iliyoufanya, nikauliza maswali matatu. Kati ya mliowahoji, wangapi ni watu watakaopiga kura kwenye mchujo? Waliosema hawajaamua mmewaweka wapi? Na nani aliyegharimia kazi hii? Ofisi yao ya mawasiliano ikanijibu kwamba utafiti ulizingatia viwango vya kimataifa. Maswali yangu yote matatu yakabaki kama yalivyokuwa. Nikageukia chumba cha habari kilichoupa utafiti huo ukurasa wa mbele, nikaelezwa kwa upole kwamba wao huripoti walicholetewa na wenye majibu ni watafiti. Nilipowarudia watafiti, wakasema wao hawaandiki vichwa vya habari.

Ndiyo maana leo nawaandikia wote kwa pamoja, mbele ya wasomaji, ili asiwepo wa kumsukumia mwenzake.

Siandiki kwa kuwa mgombea wangu aliwekwa nyuma, wala sina ugomvi na utafiti wa maoni wenyewe. Ukifanywa vizuri ni kazi ya heshima, na mwananchi wa kawaida hana njia nyingine ya kujua wenzake wanafikiri nini bila kuwategemea wapambe wa wanasiasa. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilisambaza kadi za maoni takriban milioni 10, likapokea majibu zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt katika uchaguzi wa urais. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. George Gallup, mtafiti wa maoni aliyehoji watu wachache mno ukilinganisha na jarida hilo, ndiye aliyemtaja mshindi sawasawa, kwa sababu alijali zaidi anamhoji nani kuliko anahoji wangapi. Hayo mnayafahamu kuliko mimi. Ni somo la kwanza katika fani yenu. Kinachoniuma ni kuona kila mchujo unapowadia somo hilo linatiwa kapuni.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mnahoji watu ambao hamjui kama watapiga kura.

Hili ndilo kubwa kuliko yote, nami nitakaa hapa kidogo. Katika uchaguzi mkuu angalau mna daftari kubwa la wapiga kura na kumbukumbu za chaguzi zilizopita za kuwaongoza. Mchujo hauna utulivu huo. Wanaojitokeza ni sehemu ndogo tu ya wapiga kura, na sehemu yenyewe hubadilika sura kila mara: safari hii chama kimeruhusu hata wasio wanachama, safari ijayo kinataka wenye kadi peke yao, mwaka huu wamejitokeza wazee waliozoea, mwaka mwingine vijana wamefurika. Mtafiti anabidi kwanza akisie ni nani atakayetoka nyumbani siku ya kura, ndipo amuulize atamchagua nani. Akikosea hilo la kwanza, la pili halina maana hata akilifanya kwa umakini wa namna gani. Na tunajua wote kwamba ukimuuliza mtu kama atapiga kura, wengi husema ndiyo kuliko wale wanaokwenda kweli.

Jimbo la Michigan, Marekani, tarehe 8 Machi 2016, ni mfano ambao haufai kusahaulika. Wastani wa tafiti za mchujo wa chama cha Democratic wa kumpata mgombea urais ulimpa Hillary Clinton uongozi wa takriban pointi 20. Bernie Sanders akashinda kwa chini ya pointi 2. Miongoni mwa mambo yaliyowapoteza watafiti ni kwamba mchujo wa mwaka 2008 katika jimbo hilo haukuwa wa kawaida, maana jina la Barack Obama halikuwemo hata kwenye karatasi ya kura. Hawakuwa na historia ya kuaminika ya kuwaonyesha nani hujitokeza, na bado tarakimu zilitoka zikiwa zimenyooka, kana kwamba historia hiyo ipo. Miaka tisa baadaye, Juni 2025, jiji la New York likarudia kisa cha aina hiyo: tafiti nyingi zilimweka Andrew Cuomo mbele katika mchujo wa umeya, akashindwa na Zohran Mamdani, huku vijana wakiwa wamejitokeza kwa wingi usiotarajiwa.

Sasa tazameni namna mnavyotuandikia. "Watu 1,000 walihojiwa." Ukifungua jedwali la ndani, kama limewekwa, unakuta kati ya hao 1,000 ni 380 tu waliosema watashiriki mchujo. Basi utafiti wenu wa mchujo ni wa watu 380. Kiwango cha makosa, yaani umbali ambao jibu linaweza kupotoka kwa sababu tu mmehoji wachache badala ya wote, si asilimia 3 tena, kimefika 5 kwenda juu au chini. Lakini anayesoma gazeti anaondoka na ile 1,000 kichwani, na ile 3 pembeni yake.

2. Mnaita uongozi kitu ambacho kipimo chenu hakiwezi kukiona.

Tuchukue hesabu. Wamehojiwa wapiga kura 500 wa mchujo, mgombea wa kwanza kapata asilimia 47, wa pili 44. Kiwango cha makosa kinachoandikwa chini ya jedwali ni asilimia 4.4. Msomaji anadhani anaweza kukitumia hicho kupima pengo la pointi tatu. Hawezi, kwa sababu kile kinahusu asilimia ya mgombea mmoja mmoja. Pengo kati ya wawili lina kiwango chake, na kwa tarakimu hizi ni takriban pointi 8. Maana yake ni kwamba utafiti huu unakubaliana na hali ambayo wa kwanza anaongoza kwa 11, na unakubaliana vilevile na hali ambayo wa pili yuko mbele kwa 5. Mizani inayopimia magunia ya mahindi haiwezi kutuambia pete ipi nzito kuliko nyingine, hata ukiisoma kwa makini.

Na hapo tumehesabu makosa ya bahati peke yake, yale yanayotokana na kuchagua sampuli, yaani wale wachache wa kuhojiwa kwa niaba ya wote. Hatujagusa waliokataa kujibu simu, swali lililoulizwa kwa upendeleo, wala kile kitendawili cha nani atajitokeza. Mwaka 2018 watafiti waliopitia maelfu ya tafiti za uchaguzi za Marekani walionyesha kuwa makosa halisi, yakilinganishwa na matokeo ya kura, ni takriban mara mbili ya yale yanayotangazwa. Kwenye michujo hali ni mbaya zaidi, na sababu yake si ya ajabu. Wagombea ni wa chama kimoja, sera zao zinakaribiana, hakuna rangi ya chama ya kumshikilia mpiga kura asihame. Anaweza kumpenda huyu Jumatatu na yule Alhamisi bila kujiona amesaliti chochote.

Kwa hiyo mhariri anapoandika "Fulani aongoza" juu ya pengo la pointi tatu, anatangaza jambo ambalo utafiti wenyewe haujalisema. Nasema hivi bila kutafuna maneno kwa sababu nimechoka kuliona.

3. Wasioamua wanafutwa.

Mimi mwenyewe nimewahi kupigiwa simu na mhoji. Alikuwa dada mwenye adabu, akisoma kutoka kwenye hojaji bila kunipotezea muda. Aliniuliza ningemchagua nani, akanisomea majina. Nikamwambia bado sijaamua. Akatulia kidogo, kisha akasoma mstari uliofuata: kama ningelazimika kuchagua leo, ningeelekea kwa nani? Nikataja jina, kwa kuwa nililiona likitajwa sana siku zile na kwa kuwa swali lilitaka jina. Hakuniuliza nina uhakika kiasi gani. Matokeo yalipotoka, jedwali halikuwa na safu ya wasioamua wala ya wanaoegemea. Asilimia zote zilikuwa zimegawanywa kwa wagombea, zimejaa hadi 100.

Jina nililolitaja kwa kusukumwa likahesabiwa sawa na jina la mtu aliyevaa fulana ya mgombea wake tangu mwanzo wa kampeni. Sijui walikuwa wangapi kama mimi katika utafiti ule, na hilo hasa ndilo lalamiko langu: hakuna msomaji anayeweza kujua. Kama wasioamua ni asilimia 18 na pengo ni pointi 3, habari ya siku ile ni hao 18, si hizo 3. Mkiwafuta, mmefuta habari yenyewe.

4. Mnaacha kuhoji mapema, kisha mnachapisha kana kwamba ni ya leo.

Jimbo la New Hampshire, Marekani, Januari 2008, mchujo wa urais wa Democratic. Tafiti za mwisho kwa wastani zilimpa Obama takriban pointi 8 mbele ya Clinton. Clinton akashinda kwa karibu pointi 3. Jumuiya ya watafiti wa maoni ya umma ya Marekani iliunda kamati kuchunguza kilichotokea, na ripoti ya mwaka 2009 ikataja miongoni mwa sababu kuwa mahojiano yalikoma mapema mno wakati watu wangali wanabadilika, na kwamba waliomuunga mkono Clinton huenda walikuwa wagumu zaidi kupatikana. Kati ya mchujo ule na kura ya jimbo la Iowa iliyotangulia kulikuwa na siku tano tu. Siku tano!

Ufaransa nako, Novemba 2016, katika mchujo wa mrengo wa kulia wa kumpata mgombea urais, Alain Juppé aliongoza tafiti kwa miezi mingi. François Fillon aliwekwa nafasi ya tatu hadi siku za mwisho. Kura za duru ya kwanza zilipohesabiwa, Fillon alikuwa na takriban asilimia 44 na Juppé chini ya 30. Waliofuatilia tafiti za dakika za mwisho waliona Fillon akipanda. Waliosoma kichwa cha habari cha wiki mbili nyuma walibaki na picha iliyokwisha kuoza.

Tarehe za mahojiano ziandikwe juu, pale pale kwenye kichwa cha habari au mstari wa kwanza. Hili halihitaji mjadala.

5. Mnaogopa kubaki peke yenu.

Hili ni zito kulisema mbele ya watu wazima wenye taaluma, lakini lina ushahidi. Kabla ya uchaguzi wa Uingereza wa Mei 2015, tafiti za mwisho karibu zote zilionyesha vyama vikuu viwili vikiwa sare. Kimoja wapo, Conservative, kikashinda kwa zaidi ya pointi 6. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Patrick Sturgis ikaona kuwa chanzo kikuu ni sampuli zisizowakilisha wapiga kura, na ikaona pia kwamba tafiti za mwisho zilifanana kuliko ambavyo zingefanana kwa bahati tu. Taasisi moja ilikiri yenyewe baada ya kura kwamba ilikuwa na utafiti wa dakika za mwisho uliokaribia sana matokeo halisi, ikaufungia kwa sababu ulitofautiana na za wenzake.

Ule haukuwa mchujo, lakini fikirieni hofu hiyo ikiingia kwenye mchujo, ambako tafiti ni chache na kila moja ina uzito mkubwa. Tafiti nne zikisema jambo lilelile, mwananchi anadhani amepata mashahidi wanne. Kumbe ni shahidi mmoja na watatu waliomsikiliza kabla hawajapanda kizimbani.

6. Anayelipa hatajwi.

Kampeni zina haki ya kufanya tafiti zao za ndani. Tatizo ni pale utafiti wa ndani unapovujishwa kwa mwandishi rafiki ukachapishwa kama habari, bila kutaja kwamba aliyeulipia ndiye anayeongoza ndani yake. Zipo nchi zenye sheria juu ya hili: Kenya tangu mwaka 2012 ina sheria inayomtaka anayechapisha utafiti wa uchaguzi aeleze nani aliyeufadhili, ulifanyika lini na ulihoji watu wangapi, na Ufaransa tangu 1977 ina tume maalumu ya kusimamia tafiti hizi. Lakini hata pasipo na sheria, mhariri yeyote anaweza kuuliza swali la sentensi moja kabla ya kuchapisha.

7. Kipimo kimegeuzwa mlango.

Hapa nawageukia hasa wakuu wa vyama niliowapa nakala. Mwaka 2019 chama cha Democratic cha Marekani kiliweka sharti kwamba mgombea urais ataingia kwenye midahalo ya kwanza akipata angalau asilimia 1 katika tafiti tatu, au wachangiaji 65,000. Baadaye kigezo kikapandishwa. Kenya, kuelekea uchaguzi wa 2022, vyama vikubwa vilitumia tafiti za maoni kama njia mojawapo ya kuwapa baadhi ya wagombea tiketi za moja kwa moja, bila wanachama kupiga kura ya mchujo.

Fikirieni asilimia 1 katika utafiti wa watu 400. Ni watu wanne. Simu moja ikikosa kupokelewa, mgombea yuko nje. Na tiketi ya moja kwa moja kwa sababu ya pointi mbili au tatu za utafiti usiojulikana ulifanywa na nani, lini na kwa swali gani, ni kumnyang'anya mwanachama kura yake na kumpa mtu asiyepigiwa kura na yeyote. Utafiti unaweza kumsaidia kiongozi wa chama kufikiri. Kuamua ni kazi ya wanachama, na mchujo uliwekwa kwa ajili hiyo.

Najua majibu mtakayonipa, kwa kuwa baadhi yake nimekwisha kuyapokea.

Mtasema utafiti ni picha ya siku ile tu, si utabiri. Ninalikubali hilo neno kwa neno. Basi acheni kuandika kwa wakati ujao. Acheni "atashinda", "ananyemelea ushindi", "njia nyeupe". Na msiseme picha haimdhuru mtu. Argentina, tarehe 11 Agosti 2019, tafiti zilionyesha Mauricio Macri na Alberto Fernández wakikaribiana kwenye uchaguzi wa mchujo wa urais, ambao vyama vyote vilishiriki siku moja. Fernández akamwacha kwa takriban pointi 16. Siku iliyofuata peso ikaporomoka na soko la hisa la Buenos Aires likapoteza zaidi ya theluthi moja ya thamani yake. Watu walikuwa wamepanga fedha zao kwa kufuata ile picha. Katika mchujo wa kawaida madhara yake hayana kelele kiasi hicho, lakini yapo: mfadhili anafunga mkoba, kijana wa kujitolea anaacha kugonga milango, mwandishi haendi tena kwenye mikutano ya aliyeambiwa yuko nyuma. Baada ya hapo huwa kweli yuko nyuma.

Mtasema kiwango cha makosa mlikiandika. Ndiyo, chini kabisa, kwa herufi ambazo ubao wa televisheni haukai nazo sekunde mbili, na tena ni kiwango kisichohusu lile pengo mlilolitangaza.

Mtasema kazi imekuwa ngumu na ghali. Hili nalichukua kwa uzito, kwa kuwa ni kweli. Kituo cha utafiti cha Pew kilieleza kuwa waliokubali kuhojiwa kwa simu katika tafiti zake Marekani walishuka kutoka asilimia 36 mwaka 1997 hadi 6 mwaka 2018. Na kanuni ya hesabu haina huruma: ukitaka kupunguza kiwango cha makosa kwa nusu, unahitaji sampuli mara nne. Siwaombi mfanye miujiza ya bajeti. Kuandika "utafiti huu hauwezi kueleza nani yuko mbele" hakuongezi gharama yoyote.

Mtasema mbinu zenu ni siri ya biashara. Namna ya kurekebisha uzito wa majibu labda. Lakini maneno ya swali, tarehe, idadi ya wahojiwa wa mchujo, waliosukumwa kuchagua na jina la mlipaji si siri ya biashara popote pale ambapo fani hii inaheshimiwa. Baada ya ile aibu ya New Hampshire, kamati ya uchunguzi ilicheleweshwa na taasisi zilizosuasua kutoa taarifa, na moja ilikemewa hadharani na wenzake kwa kukataa kutaja hata mambo ya msingi. Ziliponza fani nzima.

Na mtasema wasomaji wanataka kujua nani anaongoza. Wanataka, hata mimi nataka. Lakini mgonjwa naye anataka kuambiwa amepona, na daktari mwenye heshima zake hasemi hivyo kabla kipimo hakijasema.

Kwamba inawezekana kufanya tofauti, tumeona. Tarehe 1 Februari 2020, usiku ambao utafiti wa mwisho wa mchujo wa urais wa Democratic huko Iowa ulikuwa utangazwe, gazeti la Des Moines Register, televisheni ya CNN na mtafiti J. Ann Selzer waliuzuia. Ilikuwa imebainika kwamba katika angalau mahojiano mamoja jina la mgombea mmoja lilirukwa. Kipindi cha televisheni kilikuwa kimeandaliwa, nchi nzima inasubiri, siku mbili kabla ya kura. Wakasema hawatachapisha kitu wasichokiamini. Fedha ilikuwa imekwisha kutumika na walijua watalaumiwa. Ninawaheshimu hadi leo kwa uamuzi ule, na ninajua wapo miongoni mwenu wenye moyo huohuo ambao wanazidiwa nguvu kwenye kikao cha saa kumi jioni ukurasa wa mbele unapopangwa.

Ninachoomba ni hiki, na naomba kianze kabla ya mchujo ujao.

Kwa watafiti: kila utafiti wa mchujo uambatane na ukurasa mmoja wa wazi wenye maneno kamili ya maswali kwa mpangilio ulioulizwa, tarehe za mahojiano, njia iliyotumika, idadi ya waliohojiwa ambao ni wapiga kura wa mchujo, namna mlivyoamua nani atajitokeza, na jina la mlipaji. Wasioamua na wanaoegemea wawe na safu zao. Kiwango cha makosa cha pengo kiandikwe pamoja na pengo lenyewe. Na utafiti uliokwisha kufanywa kwa ajili ya umma utangazwe, hata ukitofautiana na wa jirani.

Kwa wahariri: pengo likiwa dogo kuliko kiwango chake cha makosa, neno "anaongoza" lisitumike, si kwenye kichwa cha habari, si kwenye ubao wa chini ya skrini, si kwenye ujumbe wa simu. Andikeni "haijulikani nani yuko mbele". Utafiti ambao mlipaji wake hatajwi usichapishwe. Na baada ya kura kuhesabiwa, rudini kwa wasomaji na jedwali la tafiti mlizochapisha likiwa kando ya matokeo halisi.

Kwa vyama: tafiti zisitumike kumpa mtu tiketi wala kumfungia mtu mdahalo. Kama hamwezi kuliacha hilo mara moja, basi angalau utafiti unaotumika uchapishwe wote, na mgombea aliyekatwa apewe nafasi ya kuupinga kabla uamuzi haujawa wa mwisho.

Maswali yangu matatu ya awali bado yanasubiri majibu. Taasisi husika inayajua, kwani barua yangu ya kwanza iko mezani kwao. Sasa naomba yajibiwe hadharani, kama nilivyoyauliza.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwanachama na mpiga kura